Wakili wa Serikali

Katika kazi zote za sheria, haba ni zile zenye mashaka ya ndani kama kazi ya wakili wa serikali katika mashauri ya madai. Wakili wa mtu binafsi humjua anayemtumikia. Humwona uso kwa uso, husikia malalamiko yake, hupokea ujira wake, na siku hukumu inapotolewa hufurahi naye au husikitika naye. Wakili wa serikali hana uso wa kuutazama. Anayemtumikia ni idara, ni waziri, ni hazina, ni katiba, ni umma mzima; na yule asimamaye upande wa pili, mjane mwenye cheti cha kifo au mzee mwenye mguu uliovunjika, aghalabu ni mmoja katika umma huo huo. Mtu ambaye wakili anataka kumshinda ni miongoni mwa wale wanaomlipa mshahara.

Kazi hii imo katika kila nchi yenye mahakama, lakini mahali ambapo tabia yake huonekana waziwazi ni Marekani, katika mahakama za serikali ya shirikisho. Majimbo 50 ya nchi hiyo yana mahakama zao. Na juu yao serikali ya wote ina mahakama zake za mwanzo katika wilaya 94, na katika kila moja ya hizo serikali hushitaki na hushitakiwa. Sheria ya mwaka 1789 iliyounda mahakama hizo iliweka pia Mwanasheria Mkuu mmoja, na wakili mmoja katika kila wilaya. Mwanasheria Mkuu wa kwanza, Edmund Randolph, alipewa mshahara mdogo na kutazamiwa kujitafutia riziki kwa wateja wengine, kama fundi seremala anayechonga viti vya liwali asubuhi na vya majirani jioni. Wizara ya Sheria yenyewe haikuundwa mpaka mwaka 1870, wakati madai yaliyotokana na vita vya wenyewe kwa wenyewe yalipokuwa mengi mno kwa utaratibu ule wa zamani.

Kabla ya kumhukumu wakili huyu, inafaa kujua silaha aliyorithi. Jina lake ni kinga. Katika sheria ya Waingereza mfalme hakuweza kushitakiwa mbele ya mahakama yake mwenyewe bila ya ridhaa yake. Wamarekani walimfukuza mfalme, lakini kinga yake waliibakiza wakaivisha serikali. Kwa muda mrefu raia aliyeumizwa na mtumishi wa serikali hakuwa na mlango wa kubisha ila Baraza la Kongresi, ambako alipaswa kuomba sheria ipitishwe kwa ajili yake peke yake, ili alipwe. Wabunge wakawa makadhi wa migongano ya magari na ng'ombe waliouawa, kazi ambayo hawakuiweza wala hawakuitaka. Mwaka 1855 iliundwa mahakama ya madai dhidi ya serikali, hasa kwa mambo ya mikataba. Bali aliyevunjwa mguu kwa uzembe aliendelea kungoja. Tarehe 28 Julai 1945 ndege ya jeshi iliyopotea katika ukungu iligonga jengo refu la Empire State mjini New York, na watu 14 wakafa. Mwaka uliofuata ilipitishwa Sheria ya Madai ya Madhara dhidi ya Serikali, nayo ikarudishwa nyuma hata tarehe 1 Januari 1945, kwa hiyo ajali ile ikaingia ndani yake.

Mlango ulifunguliwa, lakini haukufunguliwa wote. Mdai hana budi kupeleka dai lake kwanza kwa idara yenyewe katika muda wa miaka miwili, na idara hupewa miezi sita ya kutafakari. Shauri likifika mahakamani husikilizwa na jaji peke yake, bila baraza la wazee wa mahakama. Serikali haitozwi fidia ya kuadhibu. Na sheria yenyewe ina orodha ndefu ya mambo ambayo kwayo serikali bado haiwezi kushitakiwa. Msomaji wa Afrika ya Mashariki hataona ugeni mkubwa hapa: sheria ya Kenya ya mwaka 1956 na ya Tanzania ya mwaka 1967 kuhusu mashauri dhidi ya serikali ni watoto wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1947, na Tanzania mdai hutakiwa kutoa taarifa ya siku 90 kabla hajafungua shauri. Ukoo ni mmoja, na nyumba zimefanana milango.

Sasa na tumtazame wakili mezani pake. Jalada limefika. Mdaiwa wa kawaida hupewa siku 21 za kujibu. Serikali hupewa siku 60. Mtu asidhani kuwa siku hizo 60 ni za starehe. Ukweli wa shauri haumo mikononi mwa wakili. Umo ndani ya kabati la ofisa fulani katika mji mwingine, ofisa mwenye kazi zake nyingine, na ambaye pengine ndiye aliyefanya kosa linalodaiwa. Wakili huandika barua kuagiza kwamba karatasi zote zihifadhiwe. Hupiga simu. Huambiwa kwamba aliyekuwa akishughulikia jambo hilo alistaafu. Huletewa makasha ambayo hakuyaomba, na lile aliloomba halimo. Kisha huja siku ya kukabidhiana hati na upande wa pili, na hapo wakili hutia sahihi yake, si ya ofisa, kuthibitisha kwamba ametafuta kwa kadiri ya uwezo wake. Mahakama humjua yeye. Ofisa wa makasha hamjui.

Na mashauri ni ya kila namna. Leo ni gari la posta lililogonga baiskeli. Kesho ni mwanajeshi mstaafu aliyepasuliwa vibaya katika hospitali ya wastaafu. Kesho kutwa ni mwandishi wa habari anayedai hati kwa sheria ya mwaka 1966 ya kupata habari za serikali. Na siku moja katika mwaka ni shauri linaloandikwa na magazeti yote, la kutaka amri ya Rais ibatilishwe. Kijana aliyetoka chuo cha sheria juzi huweza kusimama mbele ya jaji katika mwaka wake wa kwanza akaanza maneno yake kwa kujitaja kuwa anasema kwa niaba ya Marekani. Katika kampuni kubwa ya mawakili rika lake wanachukua mikoba ya wakubwa wao, nao mishahara yao imezidi wake maradufu. Kiburi kidogo huingia hapo, na kina haki ya kuingia.

Lakini uwezo wa kijana huyo una mipaka ya ajabu. Anaweza kusema kwa niaba ya taifa, ila hawezi kuahidi hata senti moja. Akiona kwamba shauri la baiskeli ni la haki na kwamba lingefaa kumalizwa kwa suluhu, hana budi kuandika waraka, waraka upande ngazi, usomwe na mkubwa wake na mkubwa wa mkubwa wake, ndipo fedha zitoke katika mfuko wa kudumu wa kulipia hukumu uliowekwa mwaka 1956. Akishindwa mahakamani hawezi kukata rufani kwa hasira yake. Ruhusa hutoka kwa Wakili Mkuu wa Serikali, ambaye huangalia mashauri ya nchi nzima na mara nyingi husema basi. Kuna pia sheria ya mwaka 1980 ambayo kwayo serikali ikishindwa, na msimamo wake ukaonekana haukuwa na msingi wa kutosha, yaweza kulipishwa gharama za wakili wa mdai. Utaratibu huu wote ni mzito, na wadai huulaani. Hata hivyo una faida moja ambayo haisemwi sana: unamlazimu wakili kuandika kwa maneno yake, mahali ambapo wakubwa wake watasoma, kwamba serikali imekosa. Waraka wa namna hiyo ni tendo la ushujaa mdogo lisiloonekana na mtu.

Ugumu wa kazi hauko katika mashauri mabaya ya serikali. Hayo hulipwa. Ugumu uko katika yale ambayo mdai ameumia kweli, na serikali ina jibu la sheria ambalo litalifuta shauri kabla ukweli haujasikilizwa. Mfano mmoja unahusu Afrika ya Mashariki. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa kwa mabomu. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Katika wale 213 Wamarekani walikuwa 12. Waliobaki walikuwa karibu wote Wakenya, wengi wao wapita njia, makarani na wanafunzi wa jengo la Ufundi lililoporomoka pembeni. Balozi Prudence Bushnell alikuwa amekwisha kuandika Washington, zaidi ya mara moja, kwamba jengo la ubalozi lilikuwa karibu mno na barabara na halikuwa na usalama. Wakenya walioumia, na jamaa za waliokufa, wakaishitaki serikali ya Marekani katika mahakama ya Washington: haikuwaonya, wala haikulilinda jengo ipasavyo.

Wakili wa serikali alijibu kwa kile kifungu cha sheria ya mwaka 1946 kinachotenga matendo ya hiari. Maana yake ni hii: ofisa akipewa uhuru wa kuchagua, na uchaguzi wake ukahusu siasa ya serikali, kama vile ubalozi upi uimarishwe kwanza kwa fedha zilizopo, basi mahakama haina mamlaka ya kupima kama alichagua vyema, hata kama alichagua kwa uzembe. Shauri likafutwa mwaka 2002, na mahakama ya rufani ikathibitisha mwaka 2003. Msomaji aangalie vizuri majaji walisema nini. Hawakusema kwamba serikali ilitenda sawa. Walisema kwamba hapakuwa mahali pa kuuliza. Fedha walizopata baadhi ya walioumia zilitafutwa kwa njia nyingine, katika mashauri yaliyofunguliwa dhidi ya Sudan, na suluhu ya dola milioni 335 ambayo Marekani ilitangaza mwaka 2021 kwamba imeipokea kutoka nchi hiyo.

Je, wakili aliyeleta jibu lile alitenda vibaya? Ni rahisi kusema ndiyo kwa aliyesimama kwenye bustani ya ukumbusho pale Nairobi akasoma majina. Lakini kifungu hakikuandikwa na wakili. Kiliandikwa na Kongresi. Kama angelificha jibu hilo mfukoni kwa huruma, angekuwa amejifanya mtunga sheria kwa siku moja, na jaji angeliuliza mwenyewe, kwa kuwa ni jambo la mamlaka ya mahakama. Upande wa pili wa mizani uko hivi: wakili aliyezoea kushinda kwa namna hiyo huja akasahau kwamba ameshinda bila kuwa na haki. Hupoteza ile tofauti kati ya kusema "hatukukosa" na kusema "hatuulizwi". Katika ofisi ambazo mashauri huja kwa makasha, tofauti hiyo huchakaa upesi kama ukingo wa sarafu.

Tena kuna siri. Tarehe 6 Oktoba 1948 ndege ya jeshi ya aina ya B-29 ilianguka Waycross, katika jimbo la Georgia, ikiwa angani kujaribu vyombo vya siri. Walikuwamo watu 13, wakafa tisa, na watatu katika waliokufa walikuwa raia, mafundi wa elimu ya umeme. Wajane wao watatu wakashitaki mjini Philadelphia chini ya sheria ya mwaka 1946. Wakili wao akaomba jambo ambalo mtu yeyote angeliomba: ripoti ya uchunguzi wa ajali. Serikali ikakataa. Waziri wa Jeshi la Anga akaleta hati rasmi kwamba ndege ilikuwa katika kazi ya siri, na kwamba ripoti haiwezi kutolewa. Jaji wa wilaya, William Kirkpatrick, akaamuru aletewe yeye peke yake aisome faraghani, ili aone siri iko wapi. Serikali ikakataa hilo pia. Basi jaji akawapa wajane ushindi, dola 225,000 kwa wote watatu, na mahakama ya rufani ikamwunga mkono.

Mahakama Kuu Kabisa ya nchi ikatengua tarehe 9 Machi 1953, majaji sita kwa watatu, wakaweka kanuni ya siri za dola ambayo mawakili wa serikali wanaitumia hata leo. Hakuna hata jaji mmoja, tangu chini hata juu, aliyeisoma ripoti. Wajane wakachoka, wakakubali suluhu ya dola 170,000 kwa wote.

Ripoti ilitolewa katika siri miaka ya 1990. Mwaka 2000 binti wa mmoja wa wale mafundi, aliyekuwa mtoto mchanga baba yake alipokufa, aliipata kwa njia ya kompyuta akainunua akidhani atasoma habari za vyombo vya ajabu. Hakuviona. Alisoma habari za injini iliyoshika moto, na za amri ya kutia ngao za kukinga joto katika mabomba ya moshi, amri ambayo haikutekelezwa. Yaani alisoma yale hasa ambayo mama yake aliyadai. Familia zikarudi mahakamani kusema kwamba zilidanganywa. Mwaka 2005 mahakama ya rufani ya Philadelphia ilikataa, kwa sababu maneno ya hati ya waziri yangeweza kufahamika kwa namna isiyo ya uongo: hakusema ripoti ina siri za vyombo, alisema kutolewa kwake kungedhuru. Waswahili husema kesi ya ngedere isipelekwe kwa nyani, na katika shauri hili nyani hakuwa hata jaji. Nyani alikuwa ndiye mwenye ufunguo wa kabati.

Wakili asimamaye kusema kwamba hati fulani ni siri, husema kwa kutegemea kiapo cha mtu mwingine. Hawezi kwenda kuchungulia mitambo. Lakini anaweza kuomba kuisoma hati kabla hajaitetea, na anaweza kuuliza ni mstari upi wenye madhara. Swali hilo halina gharama kwa serikali yenye haki. Wizara yenyewe ilipata kujifunza bei ya kutouliza, au ya kuuliza na kunyamaza. Mwaka 1944, katika shauri la Korematsu kuhusu kuhamishwa kwa nguvu kwa watu zaidi ya 110,000 wa asili ya Kijapani (nalo lilikuwa la jinai, si la madai, ingawa funzo ni moja), mawakili wawili wa wizara, Edward Ennis na John Burling, waligombana na wakubwa wao juu ya tanbihi moja. Walitaka mahakama iambiwe kwamba habari za jeshi kuhusu hatari ya watu hao zilikuwa zikipingwa na habari zilizo mikononi mwa wizara. Tanbihi ikalainishwa mpaka haikusema kitu. Mwaka 2011, Kaimu Wakili Mkuu wa Serikali, Neal Katyal, aliandika waziwazi kwamba mtangulizi wake alikosa kuzijulisha mahakama habari alizokuwa nazo. Miaka 67 kwa tanbihi moja.

Katika jengo la wizara mjini Washington pameandikwa ukutani maneno yenye maana kwamba serikali hushinda kila raia wake anapotendewa haki mahakamani. Maneno ya ukutani ni mepesi kuyasoma, kwa sababu hayana siku 60 za kujibu. Mwaka 1992 wakili wa tume moja ya serikali aliulizwa na majaji wa rufani wa Washington kama wakili wa serikali ana wajibu wowote uliozidi wa wakili wa mtu binafsi. Akajibu kwamba hana. Jaji Abner Mikva alilikemea jibu hilo katika hukumu, kwa maneno makali kuliko yaliyohitajiwa na shauri lenyewe, na alifanya vyema.

Swali hilo lilirudi mwaka 2025 kwa namna ambayo haikuhitaji vitabu. Mwezi wa Machi serikali ilimpeleka El Salvador mtu mmoja aliyekaa Maryland, ijapokuwa jaji wa uhamiaji alikwisha kukataza mwaka 2019 asipelekwe nchi hiyo. Familia ikafungua shauri la madai. Ofisa wa serikali yenyewe alikiri kwa maandishi kwamba lilikuwa kosa la utawala. Tarehe 4 Aprili wakili Erez Reuveni, aliyeitumikia wizara karibu miaka 15 chini ya marais wa vyama vyote viwili, alisimama mbele ya Jaji Paula Xinis. Akaulizwa. Akasema kwamba mtu yule hakupasa kupelekwa, na kwamba yeye mwenyewe amewauliza waliomtuma kwa nini hawezi kurudishwa, wala hakupata jibu la kumridhisha.

Kesho yake alisimamishwa kazi, na siku chache baadaye akafukuzwa. Mwanasheria Mkuu alisema kwamba kila wakili wa wizara ana wajibu wa kuitetea Marekani kwa bidii. Hoja hiyo si ya kupuuzwa: serikali iliyochaguliwa ina haki ya kupata mtetezi, na wakili ambaye moyo wake umekataa ana mlango wa kutokea. Lakini Reuveni hakutoa siri, wala hakukataa kusimama. Aliulizwa na jaji jambo lililokwisha kuandikwa na upande wake mwenyewe, naye akajibu. Baadaye alidai kwamba alikuwa ameagizwa kutia sahihi hoja za rufani zilizomwita mtu yule gaidi, akakataa kwa kuwa hakuona ushahidi wake. Wakubwa wake wameyakana madai yake.

Shauri halikusimama kumngoja. Tarehe za mahakama ziliendelea kama zilivyopangwa, na jina la wakili mwingine likaandikwa katika jalada.